Mtaro ulijifukia vijana wakiwa kwenye chai. Tuongee usalama saiti, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Msimamizi_Uyole (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni msimamizi wa saiti hapa Mbeya. Si miradi ya barabara kuu wala uwanja wa ndege. Ni kazi za kawaida tu: nyumba za watu, ghorofa moja mbili, uzio, madarasa, makaro ya choo. Kampuni sitaitaja na mwenye nyumba hahusiki. Mkosaji kwenye uzi huu ni mimi, msihangaike kutafuta mwingine.

Mwezi wa pili tulikuwa tunalaza bomba la maji taka kutoka chemba ya mwisho hadi kwenye karo. Kiwanja kilikuwa kinapanda upande wa karo, kwa hiyo mtaro ulizidi kwenda chini. Mwishoni ulikuwa umenipita kichwa, na wembamba wake watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Usiku ilinyesha ile mvua yetu ya kutwanga bati. Saa tatu asubuhi saidia fundi mmoja, mdogo kuliko wote pale, akanifuata: "Bosi, kule juu pana ufa."

Nikaenda. Ufa upo. Unaingiza kidole. Umekwenda sambamba na mtaro, hatua moja kutoka ukingoni, na kifusi chote tulikuwa tumekirundika upande uleule kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu kutupia. Sikuwa mgeni wa kazi, nilijua ninachokiona. Nikamjibu: "Malizieni hizo bomba tatu, mkienda chai tutaangalia."

Siku hiyo mama ntilie alikuja mapema kuliko kawaida, alikuwa anawahi msibani. Vijana wanne wakapanda. Chapati ya kwanza haijaisha tukasikia sauti, wala si ya kutisha, kama mtu mnene ameketi kwenye godoro. Kurudi, hakuna mtaro. Kama mita nne hivi zimejaa hadi juu, sururu na sepetu zimebaki humo.

Kwa wasiojua uzito wa jambo hili: mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hivi, ukilowa inazidi. Haihitaji kukufunika kichwa. Ikikubana kifuani tu, ukitoa pumzi huwezi kuivuta nyingine. Na wenzako hawawezi kukuwahi kwa sepetu, tena baadhi ya wanaokufa kwenye mitaro ni wale walioruka kuwaokoa wa kwanza, maana ukuta wa pili nao huwa umeshalegea.

Udongo wetu huu nao ni msanii. Upande mkubwa wa Mbeya hadi Tukuyu ni majivu na kokoto nyepesi za volkano. Kiangazi unauchimba unasimama wima kama umepigwa lipu, fundi anajiamini. Ukinywa maji hautoi taarifa. Mfinyanzi hukuvimbia kwanza, huu wetu unakatika tu.

Sasa kinachoniuma. Asubuhi ileile nilikuwa nimemrudisha kijana mmoja nyumbani kwa kukosa kofia ngumu. Nikamfokea mbele za watu, nikajiona nasimamia usalama. Wale wanne waliokuwa chini mtaroni wote walikuwa na kofia, na buti, na rifleta (vesti za kung'aa). Wangezikwa wakiwa wamekamilika kabisa.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo. Mtaro ukinifika kifuani hakuna anayeingia kabla hatujapanua mdomo wake ulale, au hatujabana kuta kwa mbao na mirunda (nguzo za miti). Kifusi kinakaa mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Ngazi inakuwa ndani ya mtaro, si mtu anavutwa mkono. Asubuhi na baada ya mvua napita mwenyewe. Hayo hayakunipa shida sana.

Shida ni hili. Yule kijana alisema, mimi ndiye niliyemnyamazisha. Na siku nyingine asingesema kabisa, kwa sababu kazi ikisimama kibarua anarudi nyumbani bila kitu. Kwa hiyo nimeweka sheria: yeyote akiona hatari anasimamisha kazi, hata kama ni mbeba maji, na siku yake inalipwa yote. Bosi wangu ameguna lakini amekubali kwa majaribio. Wenzangu mnaosimamia kazi, ninyi mnafanyaje? Na mafundi, semeni ukweli, msinipake mafuta.

---

Kokoto_Mbichi

Nimefika pale kwenye kofia nikaweka simu chini kwanza.

---

Fundi Linta

Umesema tusikupake mafuta, haya.

Ninyi wasimamizi mnapenda kutuhutubia asubuhi, lakini kazi mnatupa kwa kipande. Mita kadhaa za ukuta, hela kadhaa, maliza uondoke. Mrunda wa kubania mtaro nanunua mimi? Jukwaa nikilifunga vizuri linakula nusu siku, nusu siku hiyo nani ananilipa? Kwenye BOQ, yale makadirio ya gharama za kazi, kuna mstari wa afya na usalama, kuna hela pale. Mwenye kampuni anaandika tarakimu moja ya jumla, mteja analipa, halafu saitini zinafika kofia kumi za bei rahisi na sanduku la huduma ya kwanza lenye pamba na spiriti. Nimefanya kazi saiti moja sanduku lilikuwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo anao mhandisi, mhandisi anaishi mjini.

Sikatai kwamba sisi mafundi tuna ukaidi. Ila usalama ukiwa kwenye mfuko wangu mimi, utakuwa mdogo kama mfuko wangu.

---

Msimamizi_Uyole

Fundi Linta, hilo la kipande umenipata. Sina la kujitetea. Kazi iliyopita mbao na mirunda tumetoa sisi, na siku ya kufunga jukwaa nimeilipa kama siku, nje ya kipande. Nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo miaka yote.

---

Mwana wa Gangilonga

Kamwene wakuu. Iringa hapa.

Kwetu mtaro si tatizo kubwa sana, kwetu ni miinuko. Nyumba inaanza chini ya kilima, mbele ni ghorofa mbili, nyuma ni moja. Jukwaa la mirunda linasimamishwa kwenye mteremko, mguu mmoja umekanyaga tofali tatu zilizopangana, mwingine uko kwenye udongo wa kujaza. Nimeona fundi anapiga lipu juu ya kitu kama hicho huku anaimba.

Niongelee mirunda kidogo maana tunaipata bwerere kutoka Mafinga na watu wanadhani mti ni mti. Mkaratusi mbichi ukiufunga leo, wiki mbili baadaye umekauka, umepungua unene, waya uliokuwa umekaza unacheza. Misumari nayo inaanza kutoka. Kwa hiyo jukwaa la wiki iliyopita si jukwaa la leo, hata kama hakuna aliyeligusa. Babu mmoja fundi alinifundisha kupita na koleo kila Jumatatu na kukaza fundo moja baada ya jingine. Na usikanyage ubao mmoja wa 1 kwa 8. Weka mitatu iliyofungwa pamoja, na ncha isizidi sana mhimili, mtu akikanyaga ncha isiyo na kitu chini ubao unamrusha.

Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi. Ulanzi. Msimu wa mvua hii pombe ya mianzi iko kila kona, na kwa baridi ya asubuhi mtu anajipa moyo na lita moja. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku 2017, ulanzi haujafungwa kwenye karatasi, utaupiga marufuku vipi? Mimi nikinusa, siwafukuzi. Nawapa kazi ya chini siku hiyo, kuchekecha mchanga, kukunja ringi za nondo. Kufukuza kunawafundisha kujificha.

---

Jiwe la Pembeni

Mnakuza mambo. Wazee wetu walijenga makanisa ya misheni bila kofia wala rifleta na yamesimama mpaka leo.

---

Kokoto_Mbichi

Makanisa yamesimama, ndiyo. Walioanguka wakati wa kuyajenga nani aliwahesabu?

---

Karani wa Saiti

Nashughulika na makaratasi ya wafanyakazi kwenye kampuni ya ujenzi, niongeze upande wa sheria kwa lugha nyepesi, maana naona watu wengi hawaujui.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na wanaoisimamia ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Saiti ni mahali pa kazi kama kiwanda, inapaswa kusajiliwa, na mfanyakazi anatakiwa kupimwa afya kabla ya kuanza na kuendelea kupimwa. Watu wanaona kupima ni usumbufu, lakini fikiria mwenye kifafa asiyejijua umempandisha kwenye paa. OSHA wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Si lazima wakufuate wao, unaweza kwenda kuuliza na ukarudi bila faini.

Kingine ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mshahara. Anachangia yeye, haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Tufanye hesabu: saidia fundi wa 15,000 kwa siku, siku 26, ni 390,000. Mchango wake ni 1,950 kwa mwezi. Hiyo ni pungufu ya sahani ya wali maharage hapo Mwanjelwa. Akiumia, matibabu yanagharamiwa na Mfuko, na kipindi hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya kipato chake. Mwajiri asipochangia, anaumia mtu, tunaanza kuchangishana kwenye daftari la harambee.

Ila madai yanakufa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ajali haikuripotiwa. Mwajiri ana siku saba za kutoa taarifa, wengi wanangoja waone kama kijana atapona kimyakimya. Ya pili, jina halipo popote. Foromani kaokota vijana sita kijiweni saa moja asubuhi, anawajua kwa majina ya utani. Akiumia "Chuma", utaandika Chuma? Kwa hiyo kila asubuhi jina kamili, namba ya simu ya ndugu, na sahihi au dole gumba. Dakika kumi zinatosha.

---

Dada wa Ndoo

Samahani kaka zangu, mnaongea kama saiti ni ya wanaume peke yao. Mimi nabeba maji na zege, miaka minne sasa, Mbeya na Mbalizi.

Hamjagusia saruji. Siku ya kumwaga jamvi la sakafu tunaingia kwenye zege kwa ndala au kwa gambuti zilizotoboka. Zege bichi linaunguza. Halina moto lakini ni kali kama magadi, na ubaya wake haliumi hapohapo. Unafanya kazi hadi jioni, unaosha miguu, unaona wekundu, usiku ndiyo unalia. Mimi nina kovu juu ya kifundo, zege liliingia ndani ya gambuti nikaona aibu kusimama kuvua, mnyororo wa ndoo ulikuwa unakwenda. Gambuti likiingiwa zege ni baya kuliko ndala, maana linakaa humo limekubana siku nzima. Kuna kaka alipiga magoti kulainisha sakafu kwa suruali iliyolowa, alikatwa ngozi ya magoti yote mawili.

Dawa yake ni pipa la maji safi la kunawa, liwe karibu, lisiwe lile la kuchanganyia. Likiruka jichoni ni kuosha kwa maji mengi dakika ishirini, si kupuliziwa na mwenzako.

La pili ni choo. Saiti nyingi hakuna. Wanaume mnageukia ukutani. Sisi hatunywi maji kuanzia asubuhi ili tusipate shida, halafu jua la saa nane linatuangusha, mnasema wanawake hawawezi kazi. Msimamizi, kwenye orodha yako sijakiona choo.

---

Msimamizi_Uyole

Dada, hakikuwepo. Nilikuwa naazima choo cha jirani na kujiona mstaarabu, kumbe jirani mwenyewe ni mzee wa kiume anayekaa mlangoni. Nimekusikia.

---

Baridi ya Makambako

Naomba kuongeza la msimu, maana wengi mnaleta mazoea ya Dar huku milimani.

Zege linakomaa kwa joto. Juni na Julai huku usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, na kwenye nyuzi 10 zege linapata nguvu karibu nusu tu ya mwendo wa nyuzi 20. Fundi katoka Mbagala, anajua slabu anavua mirunda siku ya kumi na nne, na kwao hajawahi kuona shida. Huku siku hiyohiyo slabu bado ni uji uliojikausha. Nimeona kibaraza kimekaa chini kama ng'ombe aliyechoka, bahati nzuri ilikuwa Jumapili. Mimi Julai siondoi mirunda ya katikati kabla ya siku 28, mteja anune anavyotaka.

La pili la baridi ni jiko. Walinzi na vijana wanaolala saiti wanaingiza jiko la mkaa kwenye stoo ya saruji, wanafunga mlango, wanaziba na mifuko. Ule moshi usioonekana hauna harufu wala haukohozi mtu. Unalala tu. Kila mwaka tunasikia habari za namna hiyo, kisha tunasema wamelogwa. Wapeni mablanketi, jiko likae nje.

---

Jiwe la Pembeni

Sawa, hilo la jiko nakubali, ndugu yangu aliokolewa kwenye moshi wa namna hiyo.

Lakini msimamizi, hiyo sheria yako ya kusimamisha kazi na kulipwa siku haiwezi kudumu. Mimi nimekaa na vijana. Utasikia nyufa kila Ijumaa saa nane mchana.

---

Fundi Linta

Hapo nipo na Jiwe, kwa mara ya kwanza. Na mwenye nyumba akijua analipia watu waliokaa, atakuita umwonyeshe huo ufa.

---

Msimamizi_Uyole

Nimeyatarajia hayo, na nilikuwa nayaogopa mwenyewe. Kwa hiyo nimekuwa nikiandika kwenye daftari. Tangu mwezi wa tatu hadi leo wamesimamisha kazi mara saba.

Mara mbili ni mitaro, na zote nilipoangalia ningesimamisha mwenyewe. Moja ni nguzo ya jukwaa iliyokuwa imeliwa na mchwa kwa ndani, aliyegundua aliipiga teke kwa hasira za mambo yake. Moja ni nondo. Hii niieleze. Tulikuwa tunapandisha nondo za mita 12 ghorofa ya kwanza, na waya za umeme zinapita mbele ya kiwanja. Ukiishika nondo katikati huku unageuka, ncha iko mita sita mbele yako na wewe unaangalia miguu yako. Kijana wa chini akapiga kelele. Ilibaki kama urefu wa mkono. Siku hizi tunakata kwanza chini, au tunapandishia upande wa nyuma, na zile ncha zilizosimama kwenye nguzo tunafunga ubao juu yake. Zamani nilikuwa naweka chupa za maji. Chupa inazuia mkwaruzo, mtu akiangukia inapasuka na nondo inaendelea.

Moja ilikuwa vumbi, wa marumaru alikuwa anakata ndani chumba kimefungwa, wenzake wakagoma. Walikuwa sahihi, lile vumbi la mchanga halitoki kifuani. Ilikuwa ni kumwagia maji tu wakati wa kukata na kufungua madirisha.

Zilizobaki mbili ni uvivu, Jiwe hujakosea. Na kweli moja ilikuwa Ijumaa. Niliwalipa. Watu tisa, nusu siku, kama elfu 80 na ushee. Iliniuma, lakini ningewakatalia hiyo, ile ya nondo nisingeisikia. Jumatatu yake mafundi wenyewe walimsema yule kijana hadi akaomba radhi, mimi sikusema neno.

Kuhusu mwenye nyumba: nimemwonyesha ufa. Tena nimempeleka ukingoni kabisa. Aliruka nyuma.

---

Karani wa Saiti

Wakuu, watu wanataja sana ghorofa la Dar la Machi 2013 lililoua watu 36, na la Kariakoo la Novemba 2024. Yale yanafika kwenye taarifa ya habari. Za huku zinakwenda mmoja mmoja, mtaro leo, ngazi mwezi ujao, na hakuna anayezijumlisha. Naomba hilo daftari lako uendelee nalo.

---

Dada wa Ndoo

Choo?

---

Msimamizi_Uyole

Kimechimbwa jana, dada. Mabati manne, mlango una komeo la ndani. Pipa la kunawa lipo kando yake.

---

Mwana wa Gangilonga

Mkuu, mtaro wa mita mbili unabana na nini hasa, na gharama ikoje? Nina karo la kuchimba wiki ijayo.

---

Msimamizi_Uyole

Karo ni pana, usibane, chimba kwa ngazi: shuka kidogo, rudi ndani nusu mita, shuka tena. Mtaro mwembamba ndiyo nabana. Mbao zilezile za linta nasimamisha wima pande zote mbili, napitisha mbao za ulalo kuzishika, halafu mirunda mifupi inakingama kutoka ukuta hadi ukuta, napigilia kabari hadi ukigonga isikike ngumu. Unabana kutoka juu kushuka chini, na kutoa ni kutoka chini kupanda huku unajaza udongo. Mita zangu kumi zilikula mirunda kama 14 iliyokatwa vipande, na mbao zote nilizirudisha kwenye linta. Kwa hiyo gharama ni misumari na siku moja ya watu wawili.

---

Kokoto_Mbichi

Na yule dogo aliyeona ufa wa kwanza, bado uko naye?

---

Msimamizi_Uyole

Yupo. Jumatatu tunaanza msingi Nsalaga. Nimempa futikamba na daftari, anapita mtaro kabla yangu. Ameomba aongezewe elfu mbili kwa siku. Nimeongeza.